Mrejesho: lile zimwi la Alien nimelinunua

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama zimwi la kuchezea la filamu ya Alien nililolikuta kwenye gulio la mitumba hapa Minneapolis ni lile la Kenner, kampuni ya vitu vya kuchezea, la mwaka 1979, au nauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni lenyewe. Urefu kama sentimita 46. Nikibonyeza kidude cha nyuma ya kichwa, taya linafunguka na meno ya ndani yanachomoza. Springi za mikono bado zinavuta.

Tatizo ni kile kifuniko angavu cha kichwani, ambacho ndicho hupotea kwanza. Mwili umejaa mikwaruzo ya miaka arobaini na ushee, kifuniko kinameta kama kimetoka dukani jana, tena kinacheza. Kwangu hicho si kile cha awali, ni cha kubandika. Nilimwonyesha muuzaji, akanuna, kisha akapunguza bei.

Siku zile halikuuzika vizuri: watoto waliliogopa, na filamu yenyewe haikuwa ya watoto. Nawaelewa. Juzi usiku umeme ulikatika, fuvu la zimwi likang'aa gizani kabatini, na sasa mke wangu anataka lihamie stoo.