Mchoraji wa vitabu vya watoto si fundi wa kupaka rangi. Jina langu liko wapi?

Wadau, donge hili liko kooni tangu Jumamosi, leo nalitema.

Nilikuwa Sarit Centre, Westlands, kwenye maonyesho ya vitabu. Juu ya meza moja nikaona kitabu changu. Nasema changu kwa sababu ile migomba, yule msichana na mbuzi wake, vyote nilivichora mimi, usiku, katika chumba kimoja Githurai, mpwa wangu akichuchumaa mbele yangu nione magoti ya mtoto wa miaka 5 yanavyokunjika. Kurasa 32. Jaladani kuna jina la mwandishi kwa herufi kubwa. Nikafungua ndani: mhariri yupo, msanifu kurasa yupo, hata kiwanda kilichochapa kipo. Mimi sipo! Tena imeandikwa "Chapa ya tatu". Ya pili sikuambiwa, ya tatu nimejionea mezani.

Hadithi yenyewe haifiki maneno 300. Simdharau mwandishi, aliandika vizuri. Lakini hakuandika popote kwamba msichana anaogopa. Hofu ile iko kwenye mabega yake na kwenye vidole vilivyokaza kamba, na mtoto asiyejua hata herufi moja anaiona palepale. Mbuzi hakuwemo kabisa kwenye maandishi! Nilimleta mimi ili msichana asiwe peke yake njiani. Leo mbuzi huyo ndiye yuko jaladani, ndiye anayeuza kitabu.

Rasimu za penseli nilirudia mara 4. Mara moja mhariri alitaka sare ya shule ibadilishwe rangi kitabu kizima, nami nilishamaliza. Nikabadilisha bila kuongezwa hata shilingi. Malipo niliahidiwa ndani ya siku 30, yakaja kwa M-Pesa baada ya miezi saba, vipande viwili. Nilipouliza mrabaha nikajibiwa kwa simu, "Wewe tulishakulipa." Mwandishi anapata asilimia yake kila nakala ikiuzwa. Mimi nilipewa mkupuo mmoja, basi. Bila picha, kitabu hicho ni karatasi moja!

Vijana mnaoanza, nisikilizeni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mimi niliweka sahihi bila kusoma kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Usiweke. Dai iandikwe kwamba unampa mchapishaji ruhusa ya chapa moja, kwamba chapa mpya ni malipo mapya, na kwamba jina lako linakaa jaladani. Lakini hata ukiuza hakimiliki, haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yako hukuiuza. Hiyo ndiyo ninayoidai sasa. Pesa zitafuata.

Mchapishaji simtaji kwa sasa. Barua nimeshaiandika, nimeambatisha rasimu za penseli zenye tarehe na baruapepe zetu zote. Jumatatu naipeleka mwenyewe, na nakala yangu sharti igongwe muhuri wa mapokezi. Nisipojibiwa, naenda Bodi ya Hakimiliki.

Kama kuna aliyewahi kudai jina likarudishwa kwenye chapa mpya, aniambie hapa alianzia wapi na ilimchukua muda gani.