Mwanafunzi anaitikia "ndiyo, sista" kumbe hajaelewa

Mkunga_Arua: Habari za kazi. Wanafunzi wa ukunga wanapokuja leba (wodi ya kujifungulia) kwa mafunzo ya vitendo, ukiwauliza "Mmeelewa?" wote huitikia "Ndiyo, sista". Baadaye unakuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto, ina mapengo: mapigo ya moyo wa mtoto, ya kuandikwa kila nusu saa, yameandikwa mara moja tu. Niwaelekezeje, na niwasahihisheje bila kuwaaibisha mbele ya mama?

Sista_Zamu: Hilo "Mmeelewa?" liache kabisa. Aliyelelewa kutobishana na mkubwa atakujibu ndiyo tu. Mwambie akurudishie maagizo kwa kinywa chake kabla hajagusa kitu. Chukua magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, dozi ya kwanza ya mshipani. Nataka kusikia: "Gramu 4. Dawa ni ya asilimia 50, yaani nusu gramu kwa kila mililita, kwa hiyo navuta mililita 8, naongeza maji ya sindano mililita 12, jumla 20, nasukuma polepole." Asipotaja asilimia, mrudishe asome kichupa. Makosa mengi huanzia hapo, gramu na mililita zikichanganywa: anayevuta mililita 4 amempa mama nusu ya dozi.

Mwalimu_wa_Wodi: Naongezea kuhusu mapengo. Ukisema "mkaangalie mapigo", watatu watamzunguka mama mmoja na kila mmoja atadhani mwenzake ameandika. Mtaje mtu kwa jina: "Kitanda cha 3 ni chako. Saa nne na nusu sikiliza, andika, njoo unitajie namba."

Kusahihisha: kabla ya zamu kubalianeni neno moja, kwa mfano "Subiri". Likisikika, mikono inasimama, hakuna mjadala. Litumie panapo hatari tu. Mengine yazungumzwe nje ya leba, siku hiyohiyo. Anza kwa kumwuliza aliona nini na kwa nini alichagua alivyochagua; mara nyingi kosa liko kwenye kufikiri, mkono umefuata tu. Halafu taja jambo lenyewe: "Ulisikiliza dakika nzima mara uchungu ulipopita, vizuri. Lakini hukuandika saa." Sifa tupu ya "umejitahidi" haimwambii arudie nini kesho.

Mkunga_Arua: Asanteni sana. Na yule aliyetoka Busoga, asiyejua Kilugbara, lugha ya akina mama wa huku Arua?

Sista_Zamu: Mpange na mwenzake anayekijua, na kabla ya kwenda kitandani akuambie atamwuliza mama nini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani asifanywe mkalimani. Siri za mama si zake.