Trei zilizochubuka bati: kupaka bati upya, kupaka mafuta, au kununua nyingine?

MpishiWaKeki: Wadau, nina trei za chuma zilizopakwa bati na chombo kimoja cha shaba cha kuokea keki. Bati limeisha sehemu nyingi, trei moja ina kutu pembeni. Nirudishie bati mwenyewe nyumbani, au mafuta yanatosha?

FundiShaba: Dada, hakikisha kwanza limeisha kweli. Bati likitumika hugeuka kijivu, hata jeusi, na hiyo si kasoro, usilisugue. Ila ukiona wekundu wa shaba, pakaa upya, kwa sababu vyakula vichachu hula shaba. Sugua hadi shaba ing'ae, paka kloridi ya amonia (chumvi inayosaidia bati lishike), pasha moto, yeyusha bati safi kisha litandaze haraka kwa kitambaa cha pamba kikavu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, kwa hiyo ukizidisha moto linaungua. Fanyia nje, moshi wake unawasha macho na kifua. Na tone la maji lisikaribie kabisa! Bati la moto litakurukia usoni.

Baba_Pacha: Lehemu ya redio haifai? Ninayo nyingi.

FundiShaba: Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Lehemu nyingi za aina hiyo zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa watoto. Tafuta bati safi tupu.

MamaMikate: Kwa trei za chuma mimi niko upande wa mafuta. Chuma chake ni chembamba, ukikiweka juu ya moto wa gesi kinapinda. Ondoa kutu kwa msasa laini, osha, kausha kabisa, paka mafuta ya kupikia, kisha futa kama vile unataka kuyaondoa yote. Iweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, rudia mara kadhaa. Mafuta yakiwa mazito yanabaki ya kunata. Ukioka chochote chenye limau au nyanya, tandika karatasi ya kuokea, uchachu hubandua ile ngozi ya mafuta.

Baba_Pacha: Na kutu ikishatoboa?

MamaMikate: Hiyo nunua nyingine.

MpishiWaKeki: Asanteni sana. Trei nitazipaka mafuta. Cha shaba nitampelekea fundi, nina watoto wadogo nyumbani na sina sehemu ya wazi ya kufanyia.

FundiShaba: Sawa kabisa. Mwulize anatumia bati gani kabla hujamwachia.