Mjadala: Ukungu ukifunga Songwe, rubani anayegeuza alaumiwe?

Kijana wa Mbalizi: Wakuu, kila ndege ikirudi Dar na abiria wake kwa sababu ya ukungu, hoja ni ile ile: uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, pawe na ILS inayofanya kazi, mtambo unaomwongoza rubani kutua kwa mawimbi ya redio, na visingizio viishe. Mtambo nauunga mkono. Ninachokataa ni kumwita mwoga rubani anayegeuza wakati mtambo upo. Wimbi moja linamweka usawa wa katikati ya njia ya kurukia, jingine linamshusha kwa mteremko wa nyuzi 3. Kwa ILS ya daraja la kwanza, lile la kawaida, akifika futi 200, yaani mita 60 hivi, hajaona taa wala njia, lazima apae tena. ILS haifukuzi ukungu.

Mama Uyole: Mdogo wangu, hayo yaambie abiria mwenye tarehe ya kliniki Muhimbili, amekaa jengo la abiria toka alfajiri na bahasha ya vipimo mapajani. Na mtambo ukiharibika si unajizima wenyewe?

Kijana wa Mbalizi: Dada, unajizima ikiwa kilinzi chake, kifaa kinachochunguza kama mawimbi yako sawa, kimewashwa. Mwaka 2000 kule Samoa, Boeing 767 ya Air New Zealand ilikuwa ikitua usiku uwanja wa Faleolo. Kipimo kikawaonyesha marubani wako sawasawa kwenye mteremko, kumbe wanashuka kuelekea baharini, maili kadhaa kabla ya uwanja. Mtambo wa ardhini ulikuwa na hitilafu, na swichi ya kilinzi ilikuwa imeachwa kwenye hali ya matengenezo. Walipona kwa kuwa walishtuka umbali na kimo haviendani, wakapaa. Mtambo uliozimika rubani anaujua. Unaodanganya ndio unaoua. Kwa hiyo tukidai mtambo, tudai na ndege ya kuja kupima mawimbi kwa ratiba, umeme wa akiba, na fundi anayeishi hapa hapa.

Mama Uyole: Kwa fundi nakubali kabisa, asisubiriwe kutoka Dar mtambo ukiwa umelala. Kwa ukungu bado nakupinga. Bila ILS rubani huwa anakata tamaa akiwa juu zaidi. Siku mawingu yakiwa futi 300, mwenye mtambo anatua, asiye nao anarudi. Siku za namna hiyo mgonjwa wangu angefika Muhimbili.