Vifaa vimejaa gereji ya nyumbani: ninunue kabati la droo au nichomeleshe rafu?

Mkazi_Njiro

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kupanga vifaa.

Gereji ipo nyumbani, Arusha, upande wa Njiro. Kwa ndani ina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 6. Haina dari, bati linaonekana. Ukuta ni wa tofali za bloku za inchi 6 na umepigwa plasta. Gari linaloingia ni dogo, bodi lake lina upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4.2.

Vilivyomo: masanduku mawili ya spana na soketi, grinda, drili mbili (moja ya betri), jeki na stendi zake, misumeno na patasi, majembe, reki, fyekeo, pampu ya kupulizia dawa, makopo ya rangi yaliyobaki kwenye ujenzi, nusu mfuko wa mbolea, dumu la petroli la mashine ya kukata majani, na makopo kama 30 ya misumari na skrubu zilizochanganyikana. Vyote vipo sakafuni. Ikifika mwezi wa sita spana zinashika kutu hata zile zinazofungiwa ndani ya sanduku.

Nimeona kabati la droo la magurudumu, la mtumba, droo saba. Fundi wa kuchomelea naye anasema rafu zinatosha. Kipi kitangulie? Na hiyo kutu inaanzia wapi? Natanguliza shukrani.

---

fundi_chuma

Mkuu, usilipie chochote kabla hujapiga hesabu ya upana. Una sentimita 320, gari linakula 170, zinabaki 150. Mlango wa dereva unataka 80 ili mtu ashuke bila kujibana. Upande wa abiria acha 30, maana kioo cha pembeni kimetokeza nje ya bodi. Inabaki 40 tu. Hicho ndicho kina cha kila kitu kitakachokaa ukuta wa pembeni, na rafu ya kina hicho ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Rafu ya sentimita 60 inaficha vitu nyuma, unanunua mara ya pili kitu ulichonacho.

Kabati nyingi za droo zina kina cha 45 hadi 50, na droo ikivutwa inataka nafasi nyingine kama hiyo mbele yake. Kwa hiyo likija, mahali pake ni ukuta wa mwisho, mbele ya gari. Pale una mita 1.8 za urefu, inatosha.

Rafu itangulie. Vipimo hivi hapa, kwa sentimita: urefu 180, kina 40, kimo 200, ngazi nne. Skwea paipu ya inchi 1, unene wa milimita 1.5. Ukipewa ya 1.2 inafaa, chini ya hapo kataa, fundi ataitoboa akichomelea na itapinda. Bomba moja huwa na mita 5.8, unahitaji matano:

Mabomba mawili, kila moja litoe miguu miwili ya 200 na mlalo mmoja (kipande kinachokwenda kwa urefu wa rafu) wa 175. Mawili mengine, kila moja litoe milalo mitatu ya 175 na kishikizo kimoja (kipande kifupi cha kuunganisha mlalo wa mbele na wa nyuma) cha 35. La tano likatwe vishikizo 11 vya 35. Milalo ni 175 na si 180 kwa sababu inaingia katikati ya miguu, na vishikizo ni 35 kwa sababu hiyo hiyo. Fundi wengi wanasahau kutoa unene wa bomba, rafu inatoka pana na hesabu yote ya gari inaharibika.

Juu yake weka plaiwudi ya milimita 18. Shiti moja la futi 8 kwa 4 linatoa mbao tatu za 180 kwa 40, na mabaki yake yanatoa vipande vitatu vya 60 kwa 40. Hivyo vitatu ndivyo rafu ya juu kabisa, na ndiyo maana nimeweka kishikizo cha ziada: ngazi ya juu ina vishikizo viwili vya kati, chini ya kila maungio, hizo tatu za chini zina kimoja kimoja. Shiti moja linamaliza kazi yote. Kwenye mbao za chini kata pembe nne sentimita 2.5 ili miguu ipite.

Ngazi ya kwanza iwe sentimita 20 juu ya sakafu. Usipitishe kilo 60 kwa kila ngazi. Jeki na stendi zikae chini kabisa. Piga redi oksaidi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) kabla ya rangi, hasa kwenye maungio, kwa sababu moto wa kuchomelea umeshaondoa kinga yote pale.

---

Seremala_Tengeru

Naungana na fundi kwenye hesabu, ila rafu peke yake haitamaliza fujo. Majembe, reki, misumeno na pimamaji ni vitu virefu na vyembamba. Ukivilaza kwenye rafu vinameza nafasi ya vitu vingine. Ukuta wa dereva hauhitaji kina, kwa hiyo tundika.

Njia ninayoiamini ni ya vibao vya mshazari. Chukua plaiwudi ya 18, chana ukanda wa sentimita 15, halafu uchane tena katikati kwa digrii 45. Unapata vibao viwili vinavyokumbatiana. Kimoja kinafungwa ukutani, ncha yake kali ikiwa juu na upande wa nje, mteremko ukishuka kuelekea ukuta, ili kubaki mfereji nyuma yake. Cha pili kinafungwa nyuma ya ubao wa kubebea kifaa kikiwa kimegeuzwa chini juu, na kinakaa ndani ya ule mfereji. Uzito wenyewe unakivuta kibane ukuta. Ukitaka kuhamisha misumeno unainua ubao, unaupeleka upande mwingine, hutoboi tena. Panga safu za ukutani kila baada ya sentimita 30 na skrubu kila baada ya 40.

Usikubali kuuziwa emudiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) kwa kazi hii. Skrubu ikiingia ukingoni inapasuka, na unyevu wa masika unaifumua kama mkate uliolowa. Mbao ya kawaida inafaa ikiwa imekauka na kutiwa dawa, ila isiguse sakafu wala ardhi. Mchwa hawahitaji zaidi ya sehemu moja ya kupandia.

Kuhusu yale makopo 30: yamwage yote kwenye beseni. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe, chuma kitanasa. Ukigeuza mfuko kila kitu kinaanguka chenyewe. Shaba na plastiki vinabaki chini. Halafu gawa kwa makundi machache tu: misumari kwa urefu, skrubu za mbao, skrubu za bati, bolti na nati. Ukigawa kwa kila saizi utachoka kabla hujafika nusu. Weka kwenye vyombo vinavyoonyesha ndani.

---

Kiboriloni_Moshi

Wenzangu wameeleza rafu vizuri, mimi nijibu la kutu, maana bila hilo kabati lolote ni hasara.

Usiku wa Juni na Julai chuma kinapoa sana. Asubuhi ukifungua mlango, hewa yenye unyevu inaingia na kuacha maji juu ya chuma baridi, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sanduku halizuii, hewa inaingia kidogo kidogo na maji yakishatua ndani hayatoki upesi. Sanduku likiwa juu ya saruji ndio kabisa, sakafu yenyewe inapandisha unyevu. Bati lisilo na dari nalo hutoa jasho na kudondosha, kwa hiyo kwenye ile rafu ya juu weka vyombo vyenye mfuniko pekee.

Lakini angalia orodha yako tena: nusu mfuko wa mbolea. Urea na CAN zinavuta maji kutoka hewani, na chumvi yake inakula chuma kilicho karibu. Kama kuna asidi iliyobaki ya kusafishia vigae, hiyo ni mbaya zaidi. Mvuke wake unapita hata mfuniko ukiwa umefungwa, na spana zilizo chumba kimoja nayo zinageuka rangi ndani ya siku chache. Vyote viwili vitoke humo, pamoja na dawa za kupulizia, viwekwe kwenye stoo yenye kufuli mbali na watoto.

Petroli pia itoke. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na cheche ya grinda. Itunzwe kwenye dumu lililotengenezwa kwa mafuta, lisijazwe pomoni, mahali penye hewa.

Spana zifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ya cherehani yanafaa. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Grisi nayo inakusanya vumbi lote la barabarani. Ndani ya droo usitandike sponji ya godoro, inashika maji, tandika mpira. Betri ya drili isikae juu chini ya bati, joto linaiua. Ikae ndani ya nyumba, na kama huitumii kwa miezi iache ikiwa na chaji karibu nusu.

---

Mkazi_Njiro

Asanteni sana wakuu, mbolea na petroli vimeshatoka leo. Mbili zimebaki. Kwanza, nikitoboa ukuta tofali linamomonyoka, tundu la milimita 8 linakuwa kubwa na plagi (ile ya plastiki ya kushikia skrubu ukutani) inazunguka. Pili, lile kabati la mtumba bado nalitaka kwa ajili ya spana. Nikague nini?

---

fundi_chuma

La ukuta kwanza. Kama tofali zako ni za moramu au zimefyatuliwa kwa saruji kidogo, zima nyundo ya drili, toboa kwa kuzungusha tu. Tumia plagi ndefu ya milimita 10 na skrubu ya milimita 100. Plasta haibebi kitu, ihesabu kama haipo: plagi ipite plasta na kuingia angalau sentimita 6 ndani ya tofali. Toboa katikati ya tofali, kaa sentimita 5 mbali na maungio. Puliza vumbi litoke kabla ya kuingiza plagi. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu plagi inazunguka juu ya unga. Bolti ya kupanuka usiitumie hapo, inasukuma pande zote na kulipasua tofali.

Ikiwa bado halishiki, uzito upeleke sakafuni. Simamisha mbao za inchi 2 kwa 4, chini yake weka kipande cha chuma ili zisiguse saruji, funga vibao vya mshazari kwenye hizo mbao. Ukuta utabaki na kazi ya kuzuia zisiangukie mbele. Ile rafu ya chuma nayo ifunge juu sehemu mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Kabati: vuta kila droo mpaka mwisho na ukandamize mbele kwa mkono. Ikishuka au ikikwaruza, reli imeisha. Reli iwe ya gololi; bati likiteleza juu ya bati litakwama ukishajaza spana. Vuta droo mbili za juu kwa pamoja uone kama kabati linainama. La aina nzuri lina kizuizi, droo ya pili haifunguki mpaka ya kwanza irudi. Kama halina, vizito vyote vikae chini na ulifunge ukutani. Geuza kila gurudumu uone ekseli. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, bati likibonyea na kurudi kwa mlio ni jembamba mno.

Droo za kwenda chini sentimita 5 ndizo za spana, zipangwe safu moja, isiwepo juu ya nyingine. Kama gari ni Toyota, droo ya juu iwe na 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Hizo ndizo mkono utakazozitafuta kila siku. Droo zikiwa za kina kirefu zote, usilinunue, spana zitarudi kuwa rundo lile lile.