Dar hadi Johannesburg kwa gari dogo, nina mtoto wa miaka 7: naomba ushauri kabla sijaondoka

Baba Tatu wa Kimara
Habari za jioni wakuu. Mke wangu anafanya kazi Johannesburg, na Desemba hii nataka kumfuata kwa gari. Nitakuwa na mdogo wangu, naye ana leseni, pamoja na binti yangu wa miaka 7. Gari ni Harrier niliyonunua mwaka jana. Kadi ya gari bado ina jina la aliyeniuzia. Njia ninayoiwaza ni Tunduma, Lusaka, Kazungula, Francistown, halafu tuingie Afrika Kusini pale Martin's Drift. Ni zaidi ya kilomita 3,500. Tukipokezana usukani usiku na mchana nahesabu siku tatu. Sijawahi kuvuka Tunduma. Kinachonitisha zaidi ni majambazi. Jamaa mmoja ananishauri nipite Mtwara, nivuke Mtambaswala, nishuke na Msumbiji. Mliokwenda, nisaidieni.

Mwana wa Ruvuma
Msumbiji kaskazini futa kabisa mkuu. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010 na halina shida, ila ukilivuka tu uko mkoa wa Cabo Delgado, na huko mashambulizi ya waasi yameanza tangu Oktoba 2017. Na mtoto ndani ya gari? Hapana.

Mama Nakonde
Kaka, hiyo kadi ishughulikie leo hii. Askari wa nchi nyingine akiona jina siyo lako, kwake hilo ni gari la wizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Nenda TRA ubadilishe umiliki. Barua ya ruhusa ya mwenye gari inaweza kusaidia, lakini utaieleza kwenye kila mpaka na kila kizuizi.

Kata kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia nchi, kwa kampuni yako ya bima ukiwa bado nyumbani. Kwa Zambia itakufaa. Botswana na Afrika Kusini hazimo. Kule fidia ya wanaoumizwa barabarani inakatwa kwenye bei ya mafuta, lakini gari lako lenyewe halifidiwi, kwa hiyo uliza bima ya ziada. Na kwa kuwa mama wa mtoto hamko naye, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa yake iliyothibitishwa na mwanasheria.

Tunduma usimpe kishoka, wale mawakala wasio rasmi, pasipoti yako hata kama foleni ni ndefu. Shika makaratasi yako mkononi, nenda dirishani mwenyewe.

Kijana wa Sinza
Sisi tulikwenda siku tatu na nusu, madereva wawili, hatukulala hotelini hata mara moja. Inawezekana, msimtishe mwenzenu.

Semi la Tatu
Kijana, mlifika salama na namshukuru Mungu. Mimi njia hiyo nimeipita na lori miaka 11, naomba Baba Tatu unisikilize. Majambazi wapo, nitawafikia. Kinachoua watu kwanza ni usiku.

Ukitoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, kushuka Mpika na Serenje, Desemba ni mvua. Shimo likijaa maji linafanana na lami. Lori likiharibika linabaki palepale njiani, mara nyingi halina taa, na dereva akishakata matawi ya miti anayalaza barabarani nyuma yake. Mchana unayaona kwa mbali. Usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga, na tela liko mbele yako. Nimewahi kusaidia kumtoa mtu kwenye gari dogo lililoingia chini ya tela namna hiyo. Alikuwa anakimbilia kulala Mpika, zilibaki kilomita chache. Ukiona majani yamelazwa, shusha mwendo hapohapo.

Halafu Botswana, kati ya Kasane na Nata, kama kilomita 300. Barabara imenyooka, inakudanganya ukanyage mafuta. Tembo wanavuka. Ng'ombe utamjua kwa macho kung'aa, lakini macho ya tembo yako juu ya mwanga wa taa zako, na mwili wake una rangi ya giza lenyewe. Unachokiona kwanza ni miguu. Jua likizama, paki.

Sasa majambazi. Afrika Kusini, barabara ya N1 upande wa Limpopo, usiku wanatega mawe na vyuma ili tairi zipasuke usimame. Zikipasuka usishuke, tembea na rimu hadi penye taa na watu. Karibu na Johannesburg wapo wenye gari lenye taa za buluu wanaojifanya polisi. Washa hazadi, punguza mwendo, nenda mpaka kituo cha polisi au cha mafuta ndipo usimame.

Mama Nakonde
Nimesahau: beba pembetatu mbili za tahadhari, Zambia wanazikagua. Nyama mbichi na maziwa usiingize Botswana. Kwenye vizuizi vya kudhibiti magonjwa ya mifugo mtashuka wote mkanyage kitambaa chenye dawa, na viatu vilivyo kwenye mabegi pia.

Baba Tatu wa Kimara
Nimesoma kila neno, asanteni sana. Nimekaa na mdogo wangu tumepanga upya: tunalala Mbeya, Mpika, Lusaka, Kazungula na Francistown. Kila siku tunaondoka alfajiri, jua likishuka tumeshapaki. Kadi naipeleka TRA Jumatatu. Swali moja: Lusaka hadi Kazungula kwa siku moja, nitawahi?

Semi la Tatu
Utawahi, lami ya upande ule ni nzuri kuliko ya Mpika. Ila usivuke daraja la Kazungula jioni hiyo. Lala upande wa Zambia, asubuhi ndiyo uingie Botswana, ili ile njia ya Nata uipite jua likiwa juu. Na siku ya Mbeya hadi Mpika ondoka mapema sana, mpaka wa Tunduma utakula saa zako. Ukikaribia safari nitumie ujumbe, nikiwa Tunduma nitakuonyesha dirisha la kuanzia.