Nakimbia peke yangu alfajiri: nibebe nini cha kujilinda?

Nyayo za Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima raha, naombeni mawazo yenu, hasa dada zangu mnaokimbia na kaka zangu mnaojua mambo ya ulinzi.

Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, pale Moshi, Februari. Kazi yangu iko Posta, naishi nje kidogo ya jiji, na foleni ya Dar mnaijua: saa 12 natakiwa niwe nimeshakaa kwenye daladala. Kwa hiyo katikati ya wiki natoka saa 10 na nusu alfajiri. Jioni nikirudi giza limeshaingia. Mtaani kwetu sijapata mwenzangu wa saa hizo.

Wiki iliyopita pikipiki ilizima taa ikawa inanifuata polepole. Nikisimama, inasimama. Nikavuka barabara nikaenda palipokuwa na mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, nikamwamkia kwa sauti kubwa kama baba yangu mdogo, nikasimama naye. Pikipiki ikawasha taa ikaondoka. Haikunigusa, lakini tangu siku hiyo nikisikia injini nyuma yangu mwili wote unakaza.

Kaka yangu ameniletea kisu cha kukunja. Rafiki yangu wa kazini ananiambia ninunue sprei ya pilipili. Mama anasema niache kabisa. Kuacha sitaki, daktari ndiye aliyenishauri nianze na presha yangu imeshuka. Je, kisu kinafaa? Sprei je, na sheria inasemaje? Wenzangu mnabeba nini?

Mkongwe wa Lami

Pole sana dada. Kumfuata mlinzi lilikuwa jambo sahihi kabisa, na nitalirudia mwishoni.

Kisu kaa mbali nacho. Kisu kinafanya kazi mtu akiwa ameshakufikia mwilini, na hapo mwenye mikono yenye nguvu ndiye anayekimiliki. Cha kukunja kinataka utulivu wa kukifungua, wakati mkono umejaa jasho na moyo unakwenda mbio. Ukijikwaa nacho mkononi umejichoma mwenyewe. Na polisi wa doria akikukuta nacho alfajiri, maelezo yatakuwa marefu.

Sasa yule mlinzi. Usiishie siku ile. Kila njia ya mazoezi ina watu wake wa alfajiri: walinzi wa mageti, mama wa vitumbua anayewasha moto, waumini wanaokwenda sala ya alfajiri, dereva wa bajaji anayefuta kioo. Wasalimie kila siku. Wakikuzoea watajua umepita au hujapita, na anayekuvizia naye ataona kwamba unajulikana. Mimi njia yangu nimeipanga kwa kufuata mageti yenye walinzi, hata kama kwa ajili hiyo narudia kipande kilekile mara nyingi.

Chuma Chakavu

Unapita barabara gani dada? Huenda tuko jirani, nikusindikize.

Bint Tanga

Dada yangu, swali hilo usilijibu hapa. Simtuhumu kaka, pengine nia yake ni njema. Lakini umeshasema saa unayotoka na kwamba uko peke yako. Ukiongeza jina la barabara umemaliza kila kitu mbele ya watu usiowajua.

Hilohilo kwenye programu za mazoezi. Kama unatumia Strava, ingia kwenye mipangilio ya faragha ufiche mwanzo na mwisho wa njia, maana ramani inaanzia mlangoni kwako. Januari 2018 ramani ya jumla ya Strava ilionyesha njia za askari waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi za kijeshi. Sembuse mimi na wewe. Picha weka ukishaoga, na usiweke njia ileile kila siku.

Anayetakiwa kujua uko wapi ni mtu wa nyumbani. WhatsApp inakuruhusu kumtumia mahali ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 1, mtumie mama. Na mkubaliane kabisa: usipofika saa fulani anapiga simu, usipopokea anamwamsha nani.

Kopo na Upepo

Nimefundisha walinzi wa kampuni binafsi kwa miaka mingi, acha niseme kuhusu sprei kwa sababu watu wanaisifia bila kuijua.

Ndani mna mafuta ya pilipili, yale yenye ukali wenyewe. Yakimpata mtu usoni macho yanafumba yenyewe, anakohoa, anapoteza mwelekeo. Haimwangushi. Inakupa muda wa kuondoka, basi. Anayepuliza halafu akasimama kuangalia matokeo amepoteza faida yote.

Tatizo kubwa ni upepo. Makopo mengi yanafika mita 3 au 4, na yale yanayotoa ukungu yanarudi kwako ukipuliza kinyume na upepo. Kwa Dar, alfajiri hewa mara nyingi inatoka bara kwenda baharini, jua likipanda inageuka. Kwa hiyo asubuhi hiyohiyo, ukienda na ukirudi, upepo hauko upande mmoja. Jizoeze kujua unakupiga shavu gani wakati unakimbia. Mtu akija kutoka upande unakotoka upepo, piga hatua mbili tatu pembeni kwanza. Kopo la jeli linasumbuliwa kidogo na upepo, ila linataka shabaha.

La pili ni mahali linapokaa. Kopo lililo kwenye mkoba wa kiunoni chini ya funguo na leso halipo. Linatakiwa kuwa kiganjani, kidole gumba juu ya kifuniko, na uwe umeshajaribu kufungua kufuli yake gizani. Toka nje siku moja mahali pa wazi pasipo na watu, pima upepo, puliza mara moja ufupi uone linavyokwenda. Soma tarehe ya mwisho chini ya kopo. Likizeeka presha inapungua na linatoa matone tu. Usiliache kwenye gari juani.

Kabla hujanunua, pita kituo cha polisi ulizia kuhusu kopo hilohilo unalotaka, wakujibu wao. Muuzaji wa mtandaoni atakuambia hakuna shida kwa sababu anataka kuuza.

Wakili wa Kijiweni

Kwenye sheria niongeze kidogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda mwenyewe na kumlinda mwingine. Sharti ni kwamba nguvu uliyotumia iwe ya kiasi kinachostahili kwa hatari iliyokuwapo. Mtu amekushika mkono, umempulizia, umempiga kiwiko, umekimbia: hiyo ni kujilinda. Mtu amekimbia, wewe na bodaboda mkamfukuza mkamkamata mkampiga: hapo hujilindi tena, na unaweza kushtakiwa wewe.

Nyayo za Alfajiri

Asanteni sana. Bint Tanga, nimekuelewa, barabara sitaitaja. Kisu nakirudisha kwa kaka leo. Kopo na Upepo, hayo ya upepo hakuna aliyewahi kuniambia. Swali: nikiona hatari nipige kelele gani? Nimezoea kusikia watu wakipiga "mwizi".

Mkwezi

Dada, nakuomba sana hiyo "mwizi" usiitumie. Watu wa mtaani wakitoka na fimbo na mawe gizani hawaulizi. Wanamwona anayekimbia. Anaweza kuwa yule aliyekuvizia, anaweza kuwa kijana aliyekuwa anakimbilia basi, na ukishapiga hiyo kelele huwezi kuirudisha. Ukitoa uhai wa mtu asiyehusika utaishi nao maisha yako yote.

Piga "nisaidieni, ananishika!" au taja jina la mlinzi unayemfahamu. Jina linamwamsha mtu kuliko kelele ya jumla.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu sisi wanaume tunaokimbia alfajiri tuna hatari ya upande wa pili. Mwanaume anayekwenda mbio saa 10 usiku amevaa kofia ya koti kichwani anaonekana kibaka. Navaa fulana ya rangi kali yenye mistari inayoakisi mwanga, kichwa wazi, na nikipita karibu na mwanamke anayetembea peke yake nahamia upande wa pili wa barabara nimsalimie kwa mbali. Wanaume wenzangu naomba tufanye hivyo, ni jambo dogo na linampa mwenzako amani.

Mswahili wa Georgia

Mkwezi umenigusa. Huku Marekani, tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alikuwa anakimbia mitaa ya karibu na kwao, Brunswick, jimbo hilihili la Georgia. Wanaume watatu weupe wakamfukuza kwa magari wakidai wamemdhania mwizi, mmoja akampiga risasi akafa. Walitiwa hatiani kwa mauaji Novemba 2021. Mpaka leo nikitoka kukimbia nabeba kitambulisho na navaa fulana ya klabu yangu yenye jina mgongoni. Hakuna sprei inayotibu kudhaniwa, ndiyo maana namuunga mkono Mkongwe: ujulikane njiani.

Leeds Mvua

Uingereza sprei ya pilipili ni marufuku, iko kwenye sheria ya silaha ya 1968 pamoja na bunduki. Kwa hiyo dada wengi huku wanabeba king'ora kidogo cha kuning'iniza. Ukichomoa pini kinapiga kelele ya desibeli 120 hivi mpaka uirudishe. Kwa alfajiri ya Dar ambapo mtaa umetulia, nadhani kitafaa kuliko sprei: hakijali upepo, hakikuumizi, na ukikichomoa kwa bahati mbaya unaomba radhi tu. Kitupe mbali uendelee kukimbia, mtu ataangalia kelele kwanza.

Na masikio yabaki wazi. Muziki wacha nyumbani, au weka sikio moja tu.

Sista Zainabu

Mimi ni muuguzi. Mmeongelea watu, hakuna aliyetaja mbwa, na kwenye majeraha ya wakimbiaji ninaowahudumia mbwa wapo sana.

Mbwa koko akija usimkimbie, miguu minne itakushinda. Simama, mgeukie ubavu, usimkazie macho, rudi nyuma taratibu. Kuinama kama unaokota jiwe kunawatosha wengi wao. Akikung'ata au hata kukukwaruza kwa jino, osha kidonda palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake mafuta ya taa, usipake majivu, usisubiri uone kama mbwa atakufa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa anafariki. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa.

Sprei ikikurudia machoni: usisugue, osha kwa maji mengi, kaa kwenye upepo. Mwenye pumu afikirie mara mbili kabla ya kuibeba.

Na hili naliandika nikiomba lisimfike yeyote. Dada akibakwa, aende hospitali mara moja, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inatoka hukohuko polisi. Namba ya dharura ni 112. Hakuna wa kumlaumu kwamba alikimbia saa mbaya.

Baba Kulwa

Kwa nini asikimbilie kwenye mashine za gym tu? Yote haya ya nini?

Mkongwe wa Lami

Baba Kulwa, gym inayofunguliwa saa 10 alfajiri pembezoni mwa jiji ni ipi, na ada yake nani analipa? Barabara ni ya wote, na dada ana haki nayo kama wewe na mimi.

Kanga Moja

Dada, mimi nafanya kazi mjini kama wewe na nina wazo tofauti. Foleni unaikimbia, kwa nini usiyahamishe mazoezi upande wake wa pili? Panda daladala ya kwanza kabisa, shuka mjini, kimbilia huko. Barack Obama Drive, ile Ocean Road ya zamani, ina taa na njia pana ya miguu, na mapambazuko yanakuta watu wengi: wazee wanaotembea, vikundi, askari. Ukifika upande wa Aga Khan unapanda Daraja la Tanzanite, lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wake ni kilomita 1 na kidogo. Unavuka mpaka Coco Beach, unarudi. Hakuna kichochoro cha mtu kukuvizia.

Pia angalia mwezi. Novemba Dar panapambazuka kama saa 11 na nusu, lakini Julai saa hiyohiyo bado ni usiku kabisa. Kwa hiyo sasa hivi kuelekea mwisho wa mwaka una nafuu, itumie.

Nyayo za Alfajiri

Kanga Moja, hilo halijawahi kunipitia kichwani! Nitaoga wapi lakini, na begi la nguo nitamwachia nani?

Kanga Moja

Mimi begi naacha ofisini kwa mlinzi wa mapokezi, nilimwomba meneja wa jengo kwanza. Ofisi yetu ina bafu moja ghorofa ya chini, halitumiki mpaka saa 2. Ulizia kwenu, majengo mengi ya Posta yanalo na wafanyakazi hawajui. Kama hamna, ndoo na taulo chooni kabla watu hawajaja, nimeshafanya sana.

Nyayo za Alfajiri

Nimeuliza leo, bafu lipo, funguo anayo fundi wa jengo na amekubali. Kuanzia wiki ijayo katikati ya wiki ni mjini. King'ora nimemwagiza binamu anayekuja kutoka Dubai. Sprei bado, nitapita polisi kwanza. Jumamosi ndiyo sijui, maana Jumamosi nina kilomita 16 na siendi mjini.

Kigoma Ndefu

Jumamosi tafuta klabu ya jogging. Dar zimejaa, Temeke, Mbagala, Kinondoni, hadi pembezoni huko, wanatoka alfajiri na fulana zao na nyimbo. Mwendo wao ni wa taratibu, lakini unaweza kufanya kilomita 8 nao, halafu kukishapambazuka ukamalizia zilizobaki kwa kasi yako.

Bint Tanga

Nipo kwenye kikundi cha wanawake cha Jumamosi, tuna dada wawili wanaokwenda Moshi pia. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Usije peke yako mara ya kwanza, njoo na kaka yako, atuone na sisi tumwone, na mahali tutakutana ni kituo cha mafuta chenye watu, saa 12 na nusu. Njoo na maji yako, njia yetu haina duka lililofunguliwa mpaka kilomita ya 9.